Uanagenzi wa kuchomelea chuma: pima karakana kwa vijiti inavyokupa

Kijana aliyemaliza shule na anayetaka ufundi wa kuchomelea huwa na njia mbili kubwa: chuo au karakana ya fundi. Tathmini hii ni ya njia ya pili, yaani uanagenzi katika karakana ndogo au ya kati yenye mashine ya vijiti (fimbo nyembamba za waya wa chuma zilizopakwa dawa, zinazoyeyushwa kwa umeme ili kuunganisha vyuma), inayotengeneza mageti, fremu na matangi na kukarabati vyuma vilivyovunjika. Tunaipima kama huduma nyingine yoyote kwa sababu mwanagenzi ni mteja anayelipa. Atoe ada au asitoe, anatoa miaka yake na nguvu zake, na ana haki ya kujua atapata nini.

Hukumu yetu tunaitanguliza. Uanagenzi ni njia bora kuliko zote ya kujifunza kuchomelea pale karakana inapokubali kupoteza vijiti na vyuma chakavu kwa ajili ya mwanafunzi. Isipokubali, ni njia mbovu. Jina la karakana, ukubwa wa mashine, ukali au upole wa fundi, yote hayo yanafuata nyuma.

Piga hesabu uone. Kilo moja ya vijiti vya milimita 2.5 ina vijiti 50 hivi, na kila kijiti huwaka kwa dakika moja au karibu na hapo. Kwa hiyo kilo nzima haifikishi saa moja ya tao, yaani ule mwale wa umeme kati ya kijiti na chuma. Mwanagenzi anayeachiwa vijiti vitatu jioni, kazi za wateja zikiisha, amefunzwa dakika tatu kwa siku nzima aliyoshinda pale. Mkono hauzoei kwa mwendo huo. Anayepewa nusu kilo mara mbili kwa wiki, huku fundi akipita kukagua, baada ya miezi michache mshono wake, yaani mstari wa chuma kilichoyeyuka na kuganda kwenye kiungo, unanyooka. Swali la kwanza la kumuuliza fundi basi ni hili: nitachoma vijiti vingapi kwa wiki, na juu ya chuma gani? Fundi mwenye mpango atalijibu papo hapo. Asiye na mpango atakwambia utaona mbele ya safari.

Wiki za mwanzo

Karibu kila mahali mwanagenzi huanza kwa kufagia, kubeba, kukata na kusugua. Wengi hulalamika, na baadhi ya malalamiko ni ya haki, lakini kuandaa chuma ni nusu ya kazi ya kuchomelea na haifai kurukwa. Mshono uliopita juu ya kutu, rangi au mafuta hutoka na vitundu, kwa sababu uchafu ukiungua hutoa gesi, na gesi hunaswa ndani ya chuma kinapoganda. Sentimita mbili au tatu kila upande wa kiungo zinatakiwa zing'ae kabla ya kijiti kugusa. Mwanagenzi aliyeelezwa sababu hiyo anasugua kwa akili. Aliyeambiwa tu "safisha" atasafisha pale panapoonekana.

Grenda nayo ni somo zima. Diski nyembamba ya milimita 1 ni ya kukatia, na haisugui kwa ubavu hata mara moja, kwani ikipinda hupasuka. Diski nene ya milimita 6 ndiyo ya kusugulia, nayo hulazwa kwa nyuzi 15 hadi 30. Kila diski imeandikwa mizunguko ya juu inayohimili: ya milimita 115 kwa kawaida ni 13,300 kwa dakika, ya milimita 230 ni kama 6,600 tu. Hapa ndipo tunapozikatia alama karakana nyingi bila huruma. Utakuta kinga ya grenda ndogo imefunguliwa ili diski kubwa iingie. Grenda hiyo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, zaidi ya mara moja na nusu ya kile diski ya milimita 230 inachohimili, na vipande vyake vikiruka havina pa kuzuiwa. Ukikuta grenda za namna hiyo siku ya kwanza, ondoka. Tazama pia tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski: gundi inayoishikilia huchoka, na muda wake wa kutumika ni miaka mitatu tangu ilipotengenezwa.

Maandalizi haya yachukue muda gani kabla ya kushika koleo la kijiti? Kwa maoni yetu, wiki chache zinatosha, tena zichanganywe na mazoezi tangu mwanzo. Karakana inayomweka kijana kwenye grenda mwaka mzima imejipatia kibarua wa bei nafuu, hata kama imemwandika mwanagenzi.

Tao

Mpangilio unaofaa tumeuona ukifanya kazi vizuri kwa vijana wa kila aina, na hauhitaji vifaa vya ajabu. Bamba chakavu la milimita 6 linalazwa mezani, vijiti ni vya 2.5 vya aina ya E6013, mashine inawekwa ampea 75 hadi 85. Kanuni ya kuanzia ni ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa kijiti, kwa hiyo kijiti cha 3.2 huanzia karibu 100 na kupanda hadi 125. Kisha maelezo ya paketi yanasomwa. Fundi anayemfundisha mwanafunzi kusoma paketi amempa kitu atakachotumia na kijiti chochote atakachokutana nacho.

Kwanza ni kuwasha. Kijiti hukwaruzwa juu ya chuma kwa mwendo mfupi, kisha huinuliwa kidogo. Wanaoanza hukiinua mno tao likazimika, au hukikandamiza kikaganda. Kikiganda, kigeuzwe haraka upande ili kikatike. Kikikataa, koleo liachie kijiti, maana kukiacha kimenata huku umeme ukipita kunakichoma na kuichosha mashine. Zoezi la kwanza lenye maana ni kuwasha mahali palepale palipowekwa alama ya chaki, tena na tena, hadi mkono ulenge bila kutangatanga. Alama za kuwashia zilizotapakaa nje ya mshono ni kasoro hata kwenye kazi iliyonyooka, na kwenye vyuma vigumu zinaweza kuanzisha ufa.

Baada ya hapo ni kulinda umbali. Ncha ya kijiti inakaa juu ya chuma kwa kadiri ya unene wa waya wake, si zaidi. Kijiti kinaliwa kikipungua, hivyo mkono hauna budi kushuka wakati uleule unaposonga mbele, na mwili unatatizika hasa kuunganisha mienendo hiyo miwili. Tao likirefuka, cheche hutapakaa, mshono hupanuka na kulala, vitundu huingia. Kijiti kinalazwa nyuzi 10 hadi 20 kuelekea unakokwenda na ncha yake ikitazama nyuma, ili gamba (dawa ya kijiti iliyoyeyuka) libaki nyuma ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Gamba likilipita dimbwi hufunikwa ndani ya mshono, na hapo ndipo hutokea mistari myeusi inayoonekana unapokata.

Mwanafunzi asikazie macho mwanga. Macho yawe kwenye ukingo wa nyuma wa dimbwi, mahali chuma kinapoanza kuganda. Fundi mzuri hulisema hili siku ya kwanza na kulirudia kila siku, kwa sababu mwendo sahihi unatokana na umbo la dimbwi. Ukikimbia, mshono unakuwa mwembamba wenye mawimbi yaliyochongoka. Ukichelewa, chuma kinarundikana na kumwagika kando bila kushikana na bamba.

Baada ya kila mshono, gamba linagongwa, brashi ya waya inapita, na mwalimu anausoma. Mfereji kando ya mshono: ampea nyingi, tao refu, au mkono haukukaa vya kutosha pembeni. Mshono uliosimama juu kama kamba bila kuzama: ampea chache. Gamba lisilotoka kwa urahisi: mara nyingi pembe mbaya, au mshono uliotangulia haukusafishwa. Vitundu: uchafu, tao refu au kijiti chenye unyevu. Karakana inayosoma mishono namna hii na mwanafunzi akiwa amesimama pale inafundisha. Ile ambayo fundi hutazama, akaguna na kulipitisha grenda juu yake ili mteja asione, inafundisha kuficha, na tabia hiyo ni ngumu sana kuiondoa baadaye.

Kuvunja mshono wako mwenyewe

Jaribio tunalolipenda kuliko yote halina gharama. Vipande viwili vya bamba vinasimamishwa kwa umbo la T na kuchomelewa upande mmoja tu, kisha vinabanwa kwenye jiliwa na kupigwa nyundo kuelekea upande wenye mshono hadi ukatike au ulale. Ukivunjika, ndani panaonekana kila kitu: kona ambayo chuma hakikufika, gamba lililobaki, vitundu. Vijana wengi hushangaa kuona mshono uliopendeza nje umeshikilia bamba moja tu. Mitihani rasmi ya wachomeleaji, kama ile ya kiwango cha ISO 9606-1, nayo hutumia kuvunja kipande na kukitazama ndani. Karakana isiyomruhusu mwanagenzi kuvunja kazi yake inamnyima kioo pekee cha kweli alichonacho.

Kwenye kiungo hicho cha T, kijiti hukaa nyuzi 45 kati ya mabamba mawili, na kama bamba moja ni nene kuliko jingine, tao lielekezwe zaidi kwenye lile nene. Ukubwa wa mshono unapimwa kwa mguu wake, yaani upana wake juu ya kila bamba: mguu wa milimita 6 una koo (unene kutoka kona ya ndani hadi uso wa mshono) la milimita 4.2 hivi, kwa kuwa koo ni kama 0.7 ya mguu. Koo ndilo linalobeba mzigo, na mshono uliobonyea katikati unalipunguza hata kama miguu yake ni mirefu.

Mwanagenzi anatakiwa atoke mezani baada ya hapo. Kiungo cha ulalo, kisha cha wima kwa kupanda, kisha cha juu ya kichwa. Kwa wima, ampea zinapunguzwa kidogo, tao linakuwa fupi zaidi, na mkono unatulia kila upande kabla ya kuvuka katikati, la sivyo dimbwi linaporomoka. Karakana za mageti na madirisha zina udhaifu mkubwa hapa, na ni vizuri kijana aujue kabla ya kusaini. Kazi yao nyingi ni mabomba ya mraba yenye ukuta wa milimita 1.5 au 2, ambayo huchomelewa kwa kushuka na kwa haraka ili yasitoboke. Anayetoka huko ni hodari wa chuma chembamba, lakini mpe bamba la milimita 10 lenye mtaro wa V na ataweka mshono juujuu usiozama. Kama kuna karakana ya pili jirani inayokarabati matrela au vyombo vizito, kuomba kukaa huko miezi kadhaa kunafaa kuliko kuongeza mwaka mwingine kwenye mageti.

Kupinda kwa chuma

Somo hili ndilo linalotenganisha fundi na mtu anayejua kuwasha mashine, na uanagenzi hulifundisha vizuri kuliko darasa lolote, kwa sababu kazi ya mteja ikipinda hairekebishiki kwa maneno. Mshono unapopoa husinyaa na kukivuta chuma kuelekea upande wake. Fremu iliyopimwa sawasawa asubuhi inaweza kuwa imejikunja mchana bila mtu kuigusa.

Utaratibu unaopaswa kuonekana ni huu. Vipande vinakatwa kwa kuhesabu unene wa diski, maana anayeweka alama kumi mfululizo bila kuacha nafasi ya mkato hupata vipande vilivyopungua. Pembe zinashikizwa kwa nukta ndogo za mshono. Kabla ya kuendelea, futi inapita kutoka kona hadi kona: mishazari miwili ikilingana, fremu ya pande zinazolingana imekaa mraba. Isipolingana, gonga kona yenye mshazari mrefu na upime tena. Nukta bado zinakubali. Kwa kona moja ya wazi, pima milimita 600 upande mmoja, 800 upande mwingine, na kati ya alama hizo pawe 1,000. Kisha mishono inawekwa kwa kurukia pande zilizo mkabala, fupifupi, badala ya kumaliza kona moja yote kabla ya kwenda nyingine. Hesabu ya pembetatu iliyoonekana haina kazi shuleni inarudi hapa kila siku, na kijana aliyeipenda ana mwanzo mzuri.

Tungependa karakana zimwachie mwanagenzi kupima na kuchora mapema zaidi. Mafundi wengi hushikilia futi wenyewe hadi mwisho, kwa kuogopa hasara, na matokeo yake ni kijana mwenye mshono mzuri asiyeweza kusoma mchoro wala kukadiria chuma cha kununua.

Usalama: eneo dhaifu kuliko yote

Tukitoa alama, hapa ndipo huduma hii hushindwa mara nyingi zaidi. Miwani ya jua haizuii tao. Kwa ampea tulizotaja, kioo cha kofia kinatakiwa kiwe namba 10 au 11. Macho yaliyopigwa na tao hayaumi wakati uleule; maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama mchanga ndani ya kope, na kijana hasiti kudhani ni ugonjwa mwingine. Msaidizi anayeshika chuma huku amegeuza uso tu naye anapigwa, kwa hiyo anahitaji kofia yake mwenyewe. Glavu za ngozi, nguo nzito za pamba zenye mikono mirefu, viatu vilivyofungwa ambavyo suruali inavifunika juu. Nguo za nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Moshi ni jambo zito zaidi na huzungumzwa kidogo. Mwaka 2017 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la 1, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kazi ifanyike penye hewa inayopita, kichwa kikae pembeni ya moshi unaopanda, na ndani ya tangi au chumba kilichofungwa mwanagenzi asiingie kuchomelea kabisa. Mabati na mabomba yenye zinki yasuguliwe zinki kwanza, vinginevyo moshi wake mweupe huleta homa na baridi kali saa chache baadaye. Pipa lililowahi kuwa na mafuta lisiguswe na tao wala grenda hata likionekana tupu, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Mfundishaji anayelichukulia hili kwa wepesi hafai, hata awe na mkono wa dhahabu.

Jambo dogo linaloonyesha karakana inajali au haijali ni kibanio cha ethi, kile kinachobana chuma cha kazi na kurudisha umeme kwenye mashine. Kikiwa kimekazwa kwenye chuma kilichosafishwa, karibu na kazi, tao linatulia. Kikiwa kimelegea, kimeungua na kufungwa waya, kinapata joto, tao linayumba, na mwanafunzi anaulaumu mkono wake kwa kosa lisilo lake.

Karatasi na posho

Makubaliano ya mdomo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya wazazi na mafundi. Mwaka 2023 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi ulipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora, na mambo linayosisitiza ni yaleyale ambayo kijana anaweza kuyaomba hata kwenye karakana ya watu watatu: mkataba wa maandishi, malipo au posho inayofaa, saa za kazi zisizozidi sheria, mapumziko, ulinzi wa afya, na ujuzi unaotambuliwa mwishoni. Ukurasa mmoja unatosha. Uandike muda, saa, posho na siku itakapopanda, nani ananunua kofia na glavu, nani anabeba gharama mwanagenzi akiumia, na orodha ya kazi atakazokuwa ameziweza kila baada ya miezi sita. Orodha hiyo ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo fundi anaweza kuurefusha muda apendavyo kwa kusema kijana hajaiva.

Daftari la kazi tunalipendekeza kwa nguvu zote. Kwa kila zoezi au kazi: tarehe, unene wa chuma, aina na kipimo cha kijiti, ampea, mkao, kasoro iliyoonekana na sahihi ya fundi. Picha ya mshono kabla ya grenda kupita ina thamani kuliko picha ya geti lililopakwa rangi. Anayekwenda kufanya mtihani wa ufundi au kuomba kazi na daftari la namna hiyo ana cha kuonyesha, hata kama karakana haina uwezo wa kutoa cheti. Kama karakana haitoi, ulizwe mapema mtihani utafanyikia wapi na nani atalipia.

Kabla ya kukubali, omba kukaa hapo siku nzima ukitazama. Angalia kama kuna rundo la vipande vyenye mishono ya majaribio, iliyovunjwa na isiyovunjwa. Rundo hilo haliwezi kuigizwa. Angalia paketi za vijiti zilipo: zikiwa sakafuni penye unyevu, kazi ya hapo ina vitundu. Mtafute mwanagenzi wa mwaka wa pili, umuulize bila fundi kuwepo amechomelea nini peke yake mwezi huu. Akikuonyesha kiungo cha wima na kukueleza ampea alizotumia, hapo pana mafunzo. Akikuonyesha grenda tu, rudi ukatafute kwingine.